Kyubu zangu zimetoa nguvu ndogo: je, mradi wangu wa mwaka wa mwisho umefeli?

"Shikamoo mhandisi. Ninasoma uhandisi ujenzi mwaka wa nne hapa Mbeya. Mradi wangu wa mwisho ulikuwa kupunguza saruji kwenye zege la daraja la 25 kwa kuweka majivu ya pumba za mpunga: asilimia 0, 5, 10, 15 na 20. Majivu niliyachukua kwenye tanuru la kuchomea matofali Mbarali, nikayachekecha kwa chekeche la mikroni 75. Saruji ni 32.5 ya dukani. Kila mchanganyo ulikuwa na kilo 12 za saruji na majivu kwa pamoja na lita 6.6 za maji, ila zege lenye majivu lilikuwa kavu mno, ikabidi niongeze maji mpaka slampu (kipimo cha ulaini wa zege bichi) irudi: lita 0.3 kwenye asilimia 5, lita 0.6 kwenye 10, lita 1.2 kwenye 15 na lita 1.8 kwenye 20. Siku ya 7 nilivunja kyubu, yaani michemraba ya zege ya majaribio, nikapata wastani wa nguvu wa 18.2, 15.1, 14.9, 11.0 na 8.2 N/mm² (nyutoni kwa milimita ya mraba). Siku ya 28 nikapata 27.1, 24.0, 25.2, 19.3 na 14.6. Makala nilizosoma zinasema asilimia 10 inaongeza nguvu. Yangu imepungua, tena asilimia 5 iko chini ya 10, haieleweki (kyubu moja ya asilimia 5 ilitoa 20.1, nyingine 25.6 na 26.3, ile ya 20.1 ilikuwa na kilo 7.72, wenzake kilo 8 na kidogo). Nimebakiza kyubu tatu za kila mchanganyo kwenye beseni. Zilikuwa za siku ya 14 lakini mashine iliharibika. Nilizimwaga mwezi wa tano. Msimamizi anataka sura ya tafakari na utetezi ni baada ya wiki tatu. Mwenzangu ananishauri nirekebishe namba chache zifanane na za makala. Je, mradi umefeli? Niandike nini? Halafu baba anajenga nyumba, alikuwa anasubiri matokeo yangu ili atumie majivu hayo."

Marahaba. Nianze na jibu fupi ili leo ulale: mradi haujafeli, namba usiguse hata moja, na baba asiweke majivu hayo kwenye zege la nguzo, boriti wala msingi. Yanayofuata ni sababu, na hizo sababu ndizo utakazosimama nazo mbele ya jopo.

Hofu yako naielewa. Umetumia mwaka mzima, umebeba magunia ya majivu kutoka Mbarali, umemwaga kyubu 45, halafu maabara imekuambia kinyume cha ulichosoma. Wanafunzi wengi wanaamini mradi mzuri ni ule unaothibitisha kichwa chake cha habari. Jopo halipimi hivyo, au angalau jopo linalojua kazi yake halipimi hivyo. Linapima kama unajua ulichokifanya. Na hapo ndipo penye kazi, kwa sababu zege lako limejibu swali ambalo hukuliandika kwenye ukurasa wa kwanza. Wewe uliuliza, "Majivu ya pumba yanafanya nini kwenye zege?" Zege limejibu hivi: "Majivu ya tanuru hili, pamoja na maji uliyoniongezea, juu ya saruji hii ya mfuko, kwenye baridi ya Mbeya, yamenifanya hivi." Sura ya tafakari ni mahali pa kulitaja swali hilo la pili bila kuona haya.

Tuanze na maji, maana ndiyo yaliyobeba sehemu kubwa ya mzigo. Mwaka 1918, kule Chicago, Duff Abrams alionyesha kwamba nguvu ya zege lililoshindiliwa vizuri hufuata uwiano wa maji kwa saruji: maji yakizidi, nguvu inashuka. Sababu yake ni nyepesi. Saruji inahitaji maji kiasi tu ili ikamilishe mmenyuko wake. Yanayobaki yanakaa ndani ya zege kama vitundu vidogo, na yakikauka yanaacha nafasi tupu. Sasa chukua daftari lako tupige hesabu. Zege lisilo na majivu: lita 6.6 kwa kilo 12, uwiano 0.55. Asilimia 5: lita 6.9, uwiano 0.575. Asilimia 10: 0.60. Asilimia 15: 0.65. Asilimia 20: lita 8.4 kwa kilo 12, yaani 0.70. Na ukihesabu saruji peke yake kwenye huo mchanganyo wa mwisho, kilo 9.6, uwiano unakuwa 0.875.

Zege la kawaida, lisilo na chembe ya majivu, ukilitoa 0.55 ukalipeleka 0.70 hupoteza karibu theluthi ya nguvu yake. Theluthi ya 27.1 ni kama 9, kwa hiyo lingebaki karibu na 18. Wewe kwenye asilimia 20 umepata 14.6. Hivyo sehemu kubwa ya anguko uliloliita "athari ya majivu" inaweza kuelezwa na maji peke yake. Nasema "inaweza" kwa makusudi. Majivu ya pumba yana vitundu vingi sana ndani ya kila chembe, na baadhi ya maji uliyoongeza yalifyonzwa humo badala ya kubaki huru kwenye uji wa saruji. Ni kiasi gani kilifyonzwa, hukupima, kwa hiyo huwezi kudai kwamba maji yote 1.8 yalifanya uharibifu. Sema hivyo hivyo mbele yao.

Utaulizwa: kwa nini uliongeza maji? Jibu la kweli ni kwamba ulitaka zege limwagike na lishindilike. Ni sababu ya maana, si uzembe. Zege kavu lisiloshindilika lingekupa namba mbaya vilevile, tena mbaya bila mpangilio. Lakini kulikuwa na njia nyingine, nayo ndiyo iliyotumika kwenye tafiti nyingi zinazoripoti ongezeko la nguvu: kuacha maji yale yale na kurudisha ulaini kwa kemikali ya kulainisha zege. Rudi kwenye makala zako, soma sehemu ya malighafi na mbinu badala ya muhtasari na jedwali la matokeo tu. Huenda ukaikuta kemikali hiyo humo.

Majivu yenyewe sasa. Dhana inayowapoteza wengi ni kwamba majivu ni majivu. Pumba ni karibu asilimia 20 ya uzito wa mpunga, na ukizichoma zinaacha majivu karibu asilimia 20 ya uzito wake, ambayo sehemu kubwa sana ni silika, mara nyingi kati ya asilimia 85 na 95. Hapo ndipo watu husimama: silika nyingi, basi saruji ya bure. Lakini silika hiyo ina sura mbili. Pumba zikichomwa kwa joto linalodhibitiwa, kati ya nyuzi 500 na 700 hivi, silika inabaki bila mpangilio wa fuwele, na hiyo ndiyo inayoweza kuungana na chokaa inayotolewa na saruji. Joto likipanda sana, kuanzia nyuzi 800 na kuendelea, hasa likidumu, chembe zinajipanga kuwa fuwele. Silika ya fuwele ndani ya zege haina tofauti kubwa na mchanga laini: imo, inajaza nafasi, haishiki kitu.

Wewe ulichukua majivu kwenye tanuru la matofali. Tofali likiiva vizuri, joto la katikati ya tanuru limeshavuka nyuzi 800, na linaweza kukaribia 1,000, kwa siku kadhaa. Pembeni, hewa isikopita, pumba zinabaki nyeusi kwa sababu kaboni haijaungua yote. Kwa hiyo magunia yako yana mchanganyiko wa majivu yaliyoiva kupita kiasi na majivu mabichi. Yamwage kwenye karatasi nyeupe uyatazame: meusi yana kaboni, ya kijivu yameungua vizuri zaidi, na yale yanayovuta kwenye weupe wenye uwaridi ndiyo yanayotia shaka ya fuwele. Rangi si kipimo cha kuandika kwenye hitimisho, lakini ni dalili inayostahili picha moja kwenye sura ya tafakari. Kaboni nayo ina lake: inakunywa maji. Ndiyo sababu nyingine zege lako likawa kavu. Pia kuchekecha si kusaga. Chekeche la mikroni 75 linakuchagulia chembe ndogo zilizokuwepo tayari; majivu yanayofanya kazi vizuri kwenye zege husagwa mpaka yawe laini kuliko saruji yenyewe.

Kuna jambo la tatu ambalo wanafunzi wachache sana huliangalia, nalo limeandikwa ubavuni mwa mfuko wa saruji. Saruji ikikutana na maji hutoa vitu viwili vikuu: gundi inayolishika zege, na chokaa, kwa maana ya kalsiamu haidroksaidi, ambayo haina mchango mkubwa kwenye nguvu. Kwenye saruji halisi ya klinka (mawe ya chokaa na udongo yaliyochomwa pamoja kiwandani), chokaa hiyo hufikia karibu robo ya uji ulioganda. Majivu mazuri yanakula chokaa hiyo na kuigeuza kuwa gundi nyingine. Huo ndio muujiza wote wa pozolana, yaani unga wenye silika unaoungana na chokaa, na Warumi walikuwa wakiutumia kwa chokaa na majivu ya volkano kabla ya saruji ya leo kuwepo. Sasa tafuta mfuko au picha yake. Ukikuta CEM I (CEM ni alama ya aina ya saruji), klinka ni asilimia 95 au zaidi. Ukikuta CEM II/B, klinka ni kati ya asilimia 65 na 79. Ukikuta CEM IV/B, ni kati ya 45 na 64 tu, na iliyobaki ni pozolana ambayo kiwanda kimeshaichanganya. Saruji za 32.5 za madukani kwetu mara nyingi ni za makundi haya yenye nyongeza. Kama yako ilikuwa CEM IV/B, basi kwenye mchanganyo wako wa asilimia 20 klinka ilikuwa kati ya asilimia 36 na 51 tu ya unga wote. Majivu yako yalifika mezani yakakuta wenzao wameshakula chokaa. Tafiti nyingi unazojilinganisha nazo zilianza na CEM I. Hukufanya jaribio lile lile, kwa hiyo huna sababu ya kutarajia namba zile zile.

Na Mbeya, mwanangu, ni Mbeya. Umemwaga mwezi wa tano, kyubu zimekaa majini mwezi wa sita, na usiku wa Juni huko nyuzi hushuka chini ya 10. Kiwango cha Ulaya cha kutunza kyubu kinataka maji ya nyuzi 20, kikiruhusu mbili juu au chini. Mmenyuko wa majivu na chokaa ni wa polepole hata kwenye joto zuri. Kwenye beseni la baridi unazidi kuchelewa. Kama hukupima joto la maji, andika kwamba hukupima. Kama beseni lipo, weka kipimajoto asubuhi na jioni kuanzia kesho, ili angalau uwe na namba ya kuonyesha hali ya chumba.

Kuhusu asilimia 5 kuwa chini ya asilimia 10: hapa hakuna fumbo la kemia. Kyubu ya milimita 150 ina ujazo wa mita za ujazo 0.003375. Kilo 8.05 inakupa uzito wa karibu kilo 2,385 kwa mita ya ujazo, kilo 7.72 inakupa karibu 2,287. Tofauti hiyo ni kama asilimia 4, na inaashiria hewa iliyobaki ndani kwa sababu zege halikushindiliwa vya kutosha. Katika zege, kila asilimia moja ya hewa ya ziada hupunguza nguvu kwa asilimia 5 au 6. Nne mara tano au sita ni kati ya 20 na 24. Ondoa hiyo kwenye 26, unabaki na karibu 20. Kyubu yako ilitoa 20.1. Uliipima uzito kabla ya kuivunja, na kwa kufanya hivyo umejiokoa, wengi hawapimi. Usiifute kwenye jedwali. Iache, onyesha wastani ukiwa nayo (24.0) na bila yake (karibu 26.0), eleza uzito wake, kisha sema wazi kwamba kwa kyubu tatu tatu huwezi kutenganisha asilimia 5 na asilimia 10.

Hapa niseme jambo ambalo huenda litakuuma kidogo. Umeandika daraja la 25, na najua jicho lako limeiona 25.2 ya asilimia 10 ukajiambia, "angalau hii imefaulu." Haijafaulu. Namba ya daraja si wastani unaoutafuta, ni nguvu ambayo kyubu chache tu zinaruhusiwa kuwa chini yake. Kwa kigezo cha Ulaya cha uzalishaji wa mwanzo, wastani wa kyubu tatu unatakiwa uzidi daraja kwa angalau 4, yaani 29, na hakuna moja inayoruhusiwa kushuka chini ya 21. Hata zege lako lisilo na majivu, 27.1, halifiki. Mjumbe mmoja wa jopo atalishika hili, kwa hiyo lishike wewe kwanza. Usanifu wako wa mchanganyo ulilenga chini, au saruji haikutoa ilichoahidi. Vyovyote vile, linganisha michanganyo yako na zege lako lisilo na majivu, wala usilinganishe na neno "daraja la 25".

Sasa nikupe kitu ambacho umekipata bila kukiona. Gawanya kila namba kwa ile ya zege lisilo na majivu ya siku ile ile. Siku ya 7, asilimia 10 ilikuwa na asilimia 82 ya nguvu ya zege hilo. Siku ya 28 imefika 93. Asilimia 15 imetoka 60 ikafika 71. Asilimia 20 imetoka 45 ikafika 54. Asilimia 5, hata ikiwa na ile kyubu mbovu, imetoka 83 ikafika 89. Yote yamepanda. Zege la majivu lilianza nyuma na linaendelea kulikaribia lile jingine. Huenda ni majivu yanayofanya kazi kwa kuchelewa. Huenda pia ni tabia ya zege lenye maji mengi, ambalo hata bila majivu hukomaa taratibu zaidi kwa uwiano. Data yako haiwezi kuamua kati ya hizo mbili, lakini swali hilo ni zuri kuliko ulilolianza nalo, na umelifikia kwa mikono yako.

Ndiyo maana kyubu zilizobaki kwenye beseni ni mali. Mashine iliyoharibika imekufanyia hisani. Zihesabie siku zake, na kama zinaweza kufika siku 56 kabla ya utetezi, vunja zote 15 siku hiyo hiyo, zile zisizo na majivu zikiwemo, maana bila hizo huna cha kulinganisha. Kama hazifiki 56, vunja siku unayoweza na uandike umri halisi. Siku 51 ni siku 51. Wengine wangekushauri uzisubirishe mpaka siku 90, ambapo majivu yangeonyesha zaidi. Kwa sayansi wana hoja. Kwa ratiba yako, nguvu ya siku 56 iliyomo kwenye ripoti ina faida kuliko ya siku 90 ambayo jopo halitaiona. Usitabiri matokeo. Pengo likipungua, vizuri. Likibaki pale pale, nayo ni habari, kwamba majivu ya tanuru lile hayana uhai.

Kipimo kingine kinachowezekana ndani ya wiki tatu ni kile cha upotevu wa uzito kwa kuchomwa. Kausha majivu, yapime, yachome kwenye tanuru dogo la maabara kwa nyuzi 750 hivi mpaka uzito usibadilike, yapime tena. Kinachopotea sehemu kubwa ni kaboni. Kiwango cha Marekani cha ASTM C618 kinaweka kikomo cha asilimia 10 kwa pozolana za asili. Ukipata zaidi ya hapo, una maelezo ya ukavu wa zege lako kwa namba badala ya kwa rangi. Kipimo cha miale cha kutambua fuwele kingekuwa bora zaidi, lakini foleni na gharama zake huenda zisiendane na wiki tatu. Kiandike kwenye mapendekezo. Sikushauri umwage upya michanganyo yote kwa maji yale yale, ingawa najua umeshawaza hivyo: siku 28 hazimo ndani ya wiki tatu, na kazi ya haraka haraka itaharibu hata uliyo nayo.

Kuhusu ushauri wa mwenzako sitahubiri sana. Niseme tu jinsi unavyokamatwa. Mashine hupima mzigo uliovunja kyubu kwa kilonyutoni, na fundi wa maabara ana daftari lake. Kyubu yako ina uso wa milimita za mraba 22,500, hivyo mtu anagawanya kilonyutoni kwa 22.5 anapata namba yako kichwani: 452 ni 20.1. Ukibadilisha namba ya siku ya 28, uwiano wake na ya siku ya 7 unakuwa wa ajabu. Namba za kubuni pia huwa laini mno. Kyubu tatu za kweli hazikubaliani hivyo. Machi 29, 2013 jengo la ghorofa 16 liliporomoka katikati ya Dar es Salaam na zaidi ya watu 30 wakafa. Sisemi chanzo kilikuwa namba za maabara. Nasema taaluma unayoingia inaishi kwa karatasi za kyubu ambazo mtu mwingine anaziamini bila kuwepo siku zinavunjwa.

Sura ya tafakari, basi. Wengi huijaza na kichwa "Changamoto": umeme ulikatika, fedha hazikutosha, mashine iliharibika, namshukuru Mungu na msimamizi wangu. Hayo yaweke kwenye shukrani au uyaache. Tafakari ni kurudi kwenye kila uamuzi ulioufanya na kusema ulibeba nini. Ungeweza kuianza hivi: "Utafiti huu ulikusudia kupima athari ya majivu ya pumba peke yake. Kwa kuwa maji yaliongezwa ili kudumisha ulaini, matokeo yanaonyesha athari ya pamoja ya majivu na ongezeko la uwiano wa maji kutoka 0.55 hadi 0.70." Sentensi hizo mbili zinampokonya mjumbe mkali swali lake la kwanza. Kisha nenda kwenye majivu na tanuru, saruji na mfuko wake, beseni na baridi, kyubu ya kilo 7.72, halafu uwiano unaopanda kati ya siku ya 7 na 28. Kurasa nyingi zaidi zipe maji, maana ndiyo uamuzi uliokuwa mikononi mwako. Funga kwa namna ungelipanga jaribio leo: maji yale yale, kilainishi, majivu yaliyosagwa kutoka chanzo kinachojulikana joto lake, CEM I pembeni ya saruji ya dukani, kyubu nyingi zaidi kwenye michanganyo michache zaidi. Ningeacha asilimia 5 na 20 kabisa.

Epuka pia kujichapa viboko. Nimeona sura zinazosomeka kama maungamo: nilikosea hili, nilikosea lile, naomba radhi. Jopo halitaki toba. Andika kwa sauti ile ile uliyoandikia sura ya mbinu.

Kabla ya yote hayo nenda kwa msimamizi wako, wiki hii, ukiwa na daftari la maabara lenyewe badala ya jedwali safi la kompyuta. Mwonyeshe hesabu ya maji. Inawezekana chuo kina taratibu za kuongeza matokeo ya siku 56 baada ya rasimu kuwasilishwa, na mimi huku siwezi kuzijua. Kama yeye ndiye aliyekuambia uongeze maji, usimtupie lawama kwenye maandishi; andika "slampu ilidumishwa kwa kuongeza maji" na iishie hapo. Mkae pia na fundi wa maabara, anakumbuka mengi kuhusu siku ile ya kumwaga kuliko unavyodhani. Na kama mambo haya yanakunyima usingizi kiasi cha kushindwa kula au kusoma, ofisi ya ushauri ya wanafunzi ipo kwa ajili hiyo, pita hapo.

Ukishahitimu na kuanza mafunzo ya vitendo ya wahandisi wahitimu chini ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi, utaandika ripoti za kazi mwaka baada ya mwaka, na wasimamizi huko watapenda mtu anayeandika "lita 0.6 ziliongezwa" kuliko anayeandika "mchanganyo ulifuata kiwango". Kwenye usaili wa kazi pia, ukiulizwa juu ya mradi wako, simulia hesabu ya maji. Nimekaa upande wa kuuliza maswali. Anayeweza kueleza kwa nini zege lake lilitoka dhaifu huwa nampa kiti karibu.

Imebaki nyumba ya baba. Mwambie kwa heshima, lakini mwambie waziwazi, kwamba matokeo yako hayaruhusu majivu hayo kwenye nguzo, boriti, linta, ngazi wala msingi, hata kwa asilimia 5. Kwenye saiti hakuna mizani; majivu yatapimwa kwa koleo, maji kwa ndoo, na fundi akiona zege limekaza ataongeza maji kama ulivyofanya wewe, ila yeye hataandika. Kama lengo ni kupunguza gharama, pozolana ipo tayari ndani ya mifuko ya CEM II na CEM IV, imechanganywa kiwandani kwa vipimo. Fedha nyingi zaidi zinapotelea kwenye zege la maji mengi na ambalo halikumwagiliwa: wiki ya kwanza, aloweshe magunia juu ya zege asubuhi na jioni. Kama ameshaanza kumwaga na majivu yametumika mahali, asibomoe wala asiendelee. Amwite mhandisi aliyesajiliwa aje aone, au aulizie ofisi ya mhandisi wa halmashauri, aonyeshwe ni wapi yametumika na kwa kiasi gani. Hilo haliamuliwi kwa barua, na wewe usikubali kuliamua peke yako kwa sababu tu ndiye mhandisi wa familia. Magunia yaliyobaki fundi anaweza kuyatumia kuchanganya na udongo wa njia ya kuingilia uani.